Ukitaka Kuiona Dunia Ukitokea Bariadi

Mtu wa miaka hamsini akitangaza pale Bariadi kwamba anakwenda kuzunguka dunia, swali la kwanza atakaloulizwa ni: unakwenda kwa nani? Kwetu safari ndefu ina sababu zake zinazojulikana: matibabu, msiba, biashara, hija, mtoto aliyehamia mbali. Kwenda kuona tu, tena kwa miezi mitatu au minne, huonekana ni mambo ya wageni wanaopita Lamadi wakielekea lango la Ndabaka kuingia Serengeti. Hata hivyo wapo watu wa hapa wanaoitamani safari hiyo. Watoto wamemaliza shule, nyumba imeezekwa, duka lina mtu wa kuliangalia, na magoti bado yanastahimili siti ya basi. Makala hii ni yao, na imeandikwa kwa kuufikiria mfuko wa mwalimu, mkulima wa pamba au mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wa mbunge una makala zake.

Niseme mapema ninavyoliona jambo lenyewe. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, ramani ya safari nafuu huchorwa na viza kabla ya nauli. Anayeanza kwa kuorodhesha miji anayoitamani humalizia akiba yake kwenye foleni za balozi. Anayeanza kwa kuuliza ni nchi zipi zitampokea bila viza hugundua kwamba ni nyingi kuliko alivyodhani, na nyingine zinafikika kwa basi.

Karatasi

Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, ada yake ni Sh150,000 na hudumu miaka 10. Maombi hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji kwa kutumia namba ya NIDA, kisha unafika ofisini na viambatisho kwa ajili ya picha na alama za vidole. Ofisi ya mkoa ipo Bariadi. Huna haja ya kwenda Mwanza wala kumlipa mtu wa stendi anayedai ana mjomba Uhamiaji.

Kinachowakwamisha wengi wa umri huu ni cheti cha kuzaliwa na majina. Waliozaliwa vijijini miaka ya sabini, Itilima au Meatu, mara nyingi hawakusajiliwa walipozaliwa, na usajili wa kuchelewa kupitia RITA hudai ushahidi na subira. Halafu kuna tahajia. Jina lilelile la Kisukuma limeandikwa Ng'wandu kwenye kitambulisho, Mwandu kwenye cheti cha shule na Ngwandu kwenye cheti cha ubatizo. Kwa jirani yako ni mtu mmoja. Kwa mfumo wa kompyuta ni watu watatu. Linganisha karatasi zako zote leo, herufi kwa herufi, na kama zinatofautiana, anza na hati ya kiapo au marekebisho kabla hujagusa fomu ya pasipoti. Kazi hiyo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko pasipoti yenyewe.

Ipo pia hati ya dharura ya safari, ambayo wengi huitumia kuvuka kwenda kwa majirani. Kwa safari ya miezi haifai. Chukua pasipoti kamili, na kama uliyonayo imebakiza chini ya mwaka mmoja, ibadilishe kabla ya kuondoka, kwa sababu nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi sita mbele.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano hupatikana kwa sindano moja. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, kadi hiyo haina tena mwisho wa miaka 10. Ni ya maisha. Lakini huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa leo na kupanda basi kesho anabeba karatasi ambayo ofisa wa mpakani anaweza kuikataa.

Lini

Kwa mkulima wa pamba mwaka umejigawa wenyewe. Mbegu huingia ardhini kuanzia Novemba, mauzo hufunguliwa kuanzia Mei, kisha mabua yang'olewe na kuchomwa ili wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine. Nafasi ya mtu kuondoka ipo kati ya hapo na mvua za kupandia. Si kalenda ya kubuni. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walishika njia ya pwani wakati wa kiangazi, kazi za shamba zikiwa zimepungua, na wengi walipanga kurudi kabla ya kulima. Walitembea kwa miguu na mzigo begani. Wewe una basi.

Julai na Agosti ni baridi kusini mwa Afrika. Johannesburg usiku hushuka karibu na kuganda, na milima ya Lesotho hupata theluji. Sweta zito na soksi za mtumba zinunue hapa hapa. Huko utazilipia bei ya dukani. Ukivuka kwenda Singapore au Malaysia utakuta joto na unyevu mwaka mzima, wakati Ufilipino hupigwa na tufani zaidi kati ya Juni na Novemba. Ndiyo maana napendelea kuanza na kusini na kumalizia mashariki.

Kusini kwa basi

Raia wa Tanzania anayekwenda matembezi haombi viza kuingia Malawi, Zambia, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia, Eswatini, Lesotho wala Afrika Kusini. Zihesabu: ni nchi tisa, zote zimeunganishwa kwa barabara, na mtu wa Bariadi anaweza kuzifikia bila kupanda ndege hata moja.

Njia ya kawaida ni kupitia Shinyanga na Singida hadi Dodoma, kisha Iringa, Mbeya na Tunduma. Anayetaka kuiona bahari kwanza anaweza kushuka Dodoma na kupanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam. Huduma ya abiria kati ya miji hiyo ilianza Julai 2024, daraja la kawaida likiwa Sh31,000. Kutoka Dar ipo pia TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ambayo kwa mwenye muda ni njia ya kupendeza kuliko lami. Ila ratiba yake imekuwa ikiyumba, na safari za abiria zimewahi kusimamishwa. Uliza stesheni ya Mbeya au Dar wiki hiyo hiyo unayosafiri, na usiifungamanishe na tiketi ya ndege.

Tunduma inahitaji utulivu. Ukishuka tu kwenye basi, kabla begi halijagusa chini, vijana wenye mabulungutu ya kwacha wameshakuzunguka, kila mmoja anataja bei nzuri kuliko ya mwenzake. Atakuhesabia noti mbele ya macho yako, sawasawa kabisa, kisha atasema ngoja nihakikishe. Katika kuhakikisha huko, kidole kimoja kinakunja noti za katikati, na anachokukabidhi kimepungua. Ukishahesabu mwenyewe, usizirudishe mkononi mwake kwa sababu yoyote. Kumbuka pia kwamba Zambia iliondoa sufuri tatu kwenye kwacha Januari 2013. Noti ya elfu hamsini unayopewa kwa tabasamu ni ya zamani na hainunui hata maji. Badilisha kiasi cha nauli ya kufika Lusaka tu, tena dirishani, na zilizobaki utazibadilisha mjini.

Ndani ya kituo cha pamoja cha mpakani utaulizwa unakaa siku ngapi. Taja nyingi kuliko ulizopanga, na usiondoke dirishani kabla hujasoma muhuri. Ofisa aliyechoka anaweza kuandika siku 7 mahali ulipoomba 30, na kosa hilo ukiligundua ukiwa Livingstone limeshakuwa lako.

Kutoka Lusaka watu wengi huenda Livingstone kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Hapo njia zinagawanyika. Moja inavuka daraja la Kazungula kuingia Botswana. Lina mita 923 na lilifunguliwa Mei 2021, na kabla yake magari yalisubiri pantoni kwa siku. Nyingine ni basi linalopita Katima Mulilo hadi Windhoek, na kutoka Windhoek jingine hadi Cape Town. Mimi ningechukua hii ya pili. Ni ndefu, inachosha, lakini unaiona nchi ikibadilika dirishani kutoka msitu hadi jangwa, na Botswana kulala ni ghali kwa mfuko tunaouzungumzia.

Afrika Kusini humruhusu Mtanzania siku 90 kwa mwaka. Usizizidishe hata moja. Anayepitiliza kwa chini ya siku 30 anaweza kufungiwa kuingia kwa miezi 12, na anayezidi hapo kwa miaka mitano. Johannesburg panga basi lako lifike Park Station mchana, uwe umeshajua unalala wapi na anayekupokea ni nani. Kukaa stesheni kusubiri kupambazuke ni afadhali kuliko kutoka nje usiku na begi mgongoni ukitafuta gesti.

Kuhusu kulala: hosteli za wasafiri, zenye vitanda vingi chumba kimoja, kwa kawaida hazina ukomo wa umri. Utawakuta vijana wa miaka ishirini, na hakuna atakayekushangaa. Omba kitanda cha chini, beba kufuli yako ya kabati, na uwe na kitambaa cha kuziba macho. Nyumba za wageni za makanisa na parokia nazo zipo miji mingi ya njia hii, hutoza kidogo, na chakula chake kinafanana na cha nyumbani.

Mashariki kwa ndege

Singapore, Malaysia na Ufilipino nazo humpokea Mtanzania kwa matembezi mafupi bila viza. Masharti haya hubadilika, hivyo hakikisha kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi husika siku unayotaka kulipia tiketi, si miezi sita kabla. Kutoka Johannesburg kuna ndege ya moja kwa moja hadi Singapore, kwa hiyo safari ya basi ya kusini inaweza kukutolea hapo bila kurudi Dar.

Mtu wa kwanza kukuzuia huko hatakuwa ofisa wa Singapore. Ni mhudumu wa kaunta ya ndege Johannesburg. Atachukua pasipoti yako, atapindua kurasa zake akitafuta viza asiyoiona, atatazama kompyuta, kisha atakuuliza: "Baba, tiketi ya kutoka Singapore iko wapi?" Usipokuwa nayo hupandi, kwa sababu shirika likikupeleka ukakataliwa, gharama ya kukurudisha ni yake. Kwa hiyo kabla ya kufika kaunta uwe na karatasi tatu zilizochapwa, maana simu huzima: tiketi ya kuondoka, mahali pa kulala usiku wa kwanza, na ushahidi wa fedha, kama taarifa ya benki ya hivi karibuni.

Singapore hutaka ujaze kadi ya kuwasili mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Malaysia ina yake ya aina hiyo hiyo, na Ufilipino pia. Zote ni bure. Ukitafuta ovyo kwenye intaneti utaangukia tovuti zenye nembo nzuri zinazodai makumi ya dola. Tovuti ya serikali haikulipishi chochote.

Singapore kaa siku mbili tatu, itakumalizia fedha kwa kulala tu. Mabasi ya kuvuka daraja kwenda Johor Bahru, upande wa Malaysia, ni ya bei ndogo na yapo kutwa nzima. Malaysia ndipo fedha inapopumua. Chakula cha barabarani ni kingi, wali wao wa nazi hautakupa ugeni, na treni na mabasi hufuata saa. Tanzania ina ubalozi Kuala Lumpur. Andika anwani yake kwenye daftari kabla hujaihitaji. Ukitaka kuendelea Thailand au India, zote mbili huhitaji viza, ila huombwa mtandaoni bila kufunga safari ya ubalozini. India ina faida ya ziada kwa anayerudi nyumbani, kwa kuwa Air Tanzania huruka kati ya Mumbai na Dar es Salaam.

Na Ulaya? Viza ya Schengen tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, hazirudishwi ukinyimwa. Ongeza bima ya afya isiyopungua euro 30,000, na ongeza safari ya Dar kutoa alama za vidole, kama kilomita elfu moja kwenda na elfu moja kurudi, pamoja na gesti. Marekani ada ni dola 185, na Oktoba 2025 iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Hapo ndipo mduara wa dunia unapokatikia kwetu. Barbados, kwa mfano, haimwombi Mtanzania viza, lakini ukitaka kufika huko kwa njia ya London au Marekani, kubadilisha ndege tu uwanjani kunadai kibali chake. Ushauri wangu ni kuziacha Ulaya na Marekani kwa safari nyingine, uwe na mwenyeji wa kukualika. Mwaka 1896 Mngazija Selim bin Abakari alifika Urusi hadi Siberia, na masimulizi yake ya Kiswahili yalichapwa na Carl Velten mwaka 1901. Lakini alikwenda na Mjerumani, Dokta Bumiller, na sidhani kama nauli ilimhusu.

Fedha, kuanzia nyumbani

Bajeti nyingi za safari huanza na tiketi. Yako ianze na wanaobaki. Ada za Januari, mbegu na vibarua wa kulimia, dawa za mama, michango ya kikoba, na kiasi cha msiba, kwa sababu msiba hauulizi uko nchi gani. Fedha hizo ziwe kwenye akaunti tofauti, na ajulikane mtu mmoja wa kuzitoa. Malipo yako ya pamba kupitia AMCOS yawe yameshaingia kabla hujaondoka. Kufuatilia deni la msimu ukiwa Windhoek ni kupoteza salio la simu. Kama kuna shamba, gari au kesi inayohitaji saini, mwone wakili akuandalie hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukuwakilisha, yenye mipaka na tarehe ya mwisho. Na usikope. Mkopo wa SACCOS una riba hata siku ambazo wewe umekaa ufukweni.

Kinachobaki ndicho cha safari. Mfano wa hesabu: ukijipangia dola 25 kwa siku kwa siku 90, ni dola 2,250, kwa dola moja Sh2,500 hiyo ni Sh5,625,000, bila ndege, bila viza. Malawi na Zambia vijijini utabakiza. Singapore hazitatosha. Ziada ya sehemu moja ifidie pengo la nyingine, na ukiona wiki mbili mfululizo umezidisha, tulia mahali pamoja pa bei nafuu. Kusogea kila siku ndiko kunakokula fedha, kuliko hata chakula. Lengo la kijana ni kuona nchi 20. La mtu wa miaka hamsini linaweza kuwa kukaa siku kumi Mbabane, Eswatini, akijua jina la muuza mboga.

Shilingi yetu haibadilishiki mbali. Nunua dola benki kabla ya kuondoka, noti mpya zisizo na mkunjo wala alama ya kalamu, maana maduka ya fedha hukataa zilizochakaa au za matoleo ya zamani. Chukua kadi mbili za benki mbili tofauti na uzitaarifu benki zote kwamba uko safarini. Jambo linalosahaulika ni laini ya simu. Benki hutuma namba ya uthibitisho kwa SMS kwenye laini yako ya Tanzania. Laini isipopokea ujumbe ukiwa nje, kadi yako ni plastiki. Washa huduma ya nje ya nchi na ijaribu ukiwa Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma, wakati kurudi nyuma bado ni hatua chache.

Mwili na kazi

Kapime presha, sukari, macho na meno mwezi mmoja au miwili kabla. Jino linalouma Bariadi ni usumbufu. Kuala Lumpur ni gharama ya wiki nzima. Kadi ya NHIF haitakusaidia nje ya nchi, kwa hiyo nunua bima ya safari na usome imeandika nini kuhusu ugonjwa uliokuwa nao kabla. Dawa za kila siku beba za safari yote pamoja na akiba, kwenye kifungashio chake, na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa. Zenye kodeini au tramadoli ni hatari Singapore na nchi za Ghuba bila kibali. Mirungi, bangi na vifurushi vya watu usibebe kabisa. Singapore na Malaysia adhabu ya dawa za kulevya hufika kifo. Kwenye basi la saa ishirini, shuka kila linaposimama, tembea, kunywa maji. Miguu ya umri wetu huvimba.

Mtumishi wa umma aandike barua mapema. Likizo ya mwaka ni siku 28, na zaidi ya hapo ni likizo bila malipo ambayo mwajiri ana uhuru wa kuikataa. Kutoonekana kazini kwa zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha. Wapo wanaosubiri miaka 55, umri wa kustaafu kwa hiari. Hilo ni sawa, ila mafao yasiliwe na tiketi.

Ukiwa njiani utakutana na watu wanaokupa kazi ya haraka, tiketi bure, mshahara wa dola. Aliyeingia kwa matembezi haruhusiwi kufanya kazi, na anayekunyang'anya pasipoti "akutunzie" si mwajiri. Nenda ubalozini.

Mwisho ni malaria. Ukipata homa ukiwa Asia au Cape Town, mwambie daktari kabla hajauliza kwamba umetoka sehemu yenye malaria. Wengi wao hawaifikirii, na saa chache zina maana. Ukirudi, kumbuka kwamba kinga tunayoijenga kwa kuishi na ugonjwa huu hupungua mtu akikaa mbali muda mrefu. Lala kwenye chandarua tangu usiku wa kwanza, na homa ya kwanza baada ya kurudi kapimwe, hata kama zamani ulikuwa unaimaliza kwa kulala.